Jina Lililoitikiwa Darasani

Jumatano, tarehe 14 Novemba 2001, saa mbili na nusu asubuhi, nilikuwa nikichora mistari katika daftari jipya la mahudhurio. Madaftari ya kiwandani yalikuwa yamekwisha katika maduka ya Butembo, na mimi, mwandishi wa ofisi ya usajili ya chuo chetu kidogo, nilikuwa nimejifunza kutengeneza kurasa zake kwa rula na kalamu mbili, nyekundu ya pambizoni na nyeusi ya katikati, mpaka mgeni asiweze kutofautisha ukurasa wangu na ule wa mashine. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Niliijivunia kazi ile kuliko inavyompasa mtu kujivunia mistari.

Naanza na tarehe kwa sababu tarehe ndiyo kitu pekee cha asubuhi ile ambacho sikukikosea.

Mwaka huu kamati ya sherehe za chuo imeniomba kurasa tatu za historia yake, kwa kuwa miongoni mwa walioanza nacho nimebaki karibu peke yangu. Wanataka waanzilishi, majengo, mwaka wa kila idara, na picha ya wahitimu wa kwanza wakiwa wamemwagiwa unga na poda kichwani, kama ilivyo desturi kwetu mtu akifaulu. Nimeziandika kurasa hizo mara mbili. Mara zote mbili nimefika mwaka ule, nikasikia sauti ya msichana ikiitika kutoka nyuma ya darasa, nikaweka kalamu chini. Kwa hiyo naandika kwanza hii, ambayo kamati haikuiomba.

Chuo chetu kilizaliwa kwa sababu barabara zilikufa. Vita vya kwanza vilipita, vya pili vikaanza kabla hatujamaliza kuzika, na vijana waliokuwa na diploma ya sekondari hawakuwa na pa kwenda: Kisangani ilikuwa mbali kuliko Ulaya, na Kinshasa ilikuwa nchi nyingine. Wazazi Wakatoliki na Waprotestanti, waliozoea kusalimiana Jumapili kutoka ng'ambo mbili za barabara, wakakutana katika depo ya mfanyabiashara mmoja wa kahawa. Kahawa yake haikuwa na njia ya kutoka, basi akatuachia depo. Benchi zikaja kutoka hekaluni, viti vikaja kutoka parokiani, na ubao ukawa mbao za kawaida tulizozipaka unga mweusi wa betri zilizokwisha. Mvua ikinyesha, kuta zilitoa harufu ya kahawa mbichi, na wanafunzi walisema kwamba mwenye kushindwa mtihani amekaangwa, na mwenye kushindwa mara mbili amesagwa.

Tulifundisha falsafa, historia, lugha na ualimu. Nakumbuka mzazi mmoja katika mkutano wa kwanza, mkulima wa maharagwe, akisimama na kofia mkononi: "Bakubwa, mi naomba kuuliza tu. Ile filozofi, munaipika na sombe ao na maharagi?" Watu wakacheka hadi machozi. Kisha akaandikisha watoto wake wawili.

Tulikuwa na hofu moja, nayo ndiyo iliyotuongoza katika kila jambo: kwamba siku nchi itakaposhonwa tena, watu wa wizara watakuja kutoka Kinshasa, watafungua makabati yetu, watakuta kasoro, na diploma za watoto wale zitakuwa karatasi za kufungia karanga. Kila ndege ndogo iliposhuka Rughenda, wanafunzi walipiga kelele, "Inspecteur amefika!", ingawa sote tulijua kwamba ndani mlikuwa na wanunuzi wa dhahabu ya Manguredjipa. Walitania, lakini mimi nilinyoosha mafaili. Nilikuwa na sanduku la bati lililofungwa kwa kufuli mbili, na ndani yake dosiye ya kila mwanafunzi, zikimngoja mkaguzi ambaye hatukujua kama amezaliwa. Kwa sababu ya muhuri niliotembea nao mfukoni, walinipa jina la utani: Mama Kashe.

Ni mimi niliyependekeza sheria ya siku kumi na tano. Mwanafunzi asipoonekana siku kumi na tano za masomo bila barua ya mzazi au ya mganga, jina lake linafutwa. Vyuo visivyo na sheria, nilisema mbele ya baraza, ni masoko. Wakubwa walinitazama kwa heshima, na sheria ikabandikwa mlangoni.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo msomaji wa mbali anapaswa kulijua. Sisi Wanande, mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa. Binti wa kwanza ana majina yake, binti wa pili ana yake, na kila nyumba, kutoka Luofu hadi Beni, inachota katika chungu kilekile. Ukiita jina la binti wa pili sokoni, wanageuka wanawake kumi. Katika darasa la mwaka wa pili tulikuwa nao watano wenye jina hilo moja. Walitofautishwa na jina la nyongeza, ambalo mwalimu mwenye haraka hulimeza.

Ile Jumatano, basi, nikiwa katika mstari wa kumi au wa kumi na moja, nilisikia hodi. Aliingia mama mmoja amebeba kitunga mgongoni, kamba yake ikipita kwenye paji la uso kama wabebavyo mama zetu wa milimani. Viatu vyake vya plastiki vilikuwa vimeshonwa kwa uzi. Alinisalimu kwa Kinande, kisha akahamia Kiswahili, kama watu wetu wanavyofanya wakiona meza na kalamu.

"Nakuya kuona mutoto yangu. Nilitoka Luofu, leo ni siku ya tatu."

"Luofu, mama? Na ile njia?"

"Njia ni njia tu. Fasi ingine na miguu, fasi ingine na camion. Basoda balituuliza, munaenda wapi? Mi naye nikabauliza, na nyinyi, munatoka wapi?"

"Balisema nini?"

"Balicheka. Mutu mwenye njaa anacheka mbio." Akashusha kitunga, akajinyoosha mgongo kwa mikono miwili. Kicheko chake kikaisha. "Sikia, binti yangu. Ku soko ya kwetu, bamama benye kutoka Beni balisema gari moja ilikamatwa ku njia ya huku, na ndani mulikuwa banafunzi ya Butembo. Sikulala. Nikasema, niende nione na macho yangu. Kama mutoto haiko hapa, napanda Beni leo, naenda kwa shangazi yake, naenda ku hopitali, naenda kwa bapasteri, natafuta mpaka naona."

Akalitaja jina la bintiye, la zamu na la nyongeza. Nililijua bila kutazama: mwaka wa pili, mstari wa ishirini na tatu. Darasa lile halikuwa hapo. Depo ilikuwa na vyumba viwili tu, na mwaka wa pili walisomea katika ukumbi wa kanisa ng'ambo ya bonde, mwendo wa nusu saa. Lakini daftari lao lilikuwa mezani kwangu, kwa maana kiongozi wa darasa alilileta kila jioni. Nikalifungua.

"Angalia, mama. Hii ni jana. Iko. Hii ni siku ya kwanza, Jumatatu. Iko. Hii ni juma yote ya nyuma. Iko, iko, iko."

Alipangusa kidole kwa kikwembe, kitenge alichojifunga, kabla ya kugusa ukurasa. Alikuwa anajua kusoma, kusoma kwa Biblia, silabi baada ya silabi. Alilisoma jina la mtoto wake kwa sauti, kisha akaufuata mstari hadi mwisho wake, akipita juu ya kila alama ya kuwapo kama mtu anayehesabu vifaranga.

"Iko hapa," alisema.

"Iko hapa, mama."

Akakaa. Nilidhani analia, lakini alikuwa akicheka bila sauti, mkono mdomoni. "Bamama ya ku soko! Bataniua na presha." Kisha akatazama mwanga mlangoni. "Gari ya kurudia inaondoka saa ine, inafika Lubero. Ile ingine, hakuna mwenye kujua siku yake. Weye unasema aje? Nimungojee, ao niende?"

Nimelijibu swali hilo mara nyingi tangu siku ile, na kila mara najibu vizuri. Siku yenyewe nilitazama wino wa mistari yangu, uliokuwa haujakauka, nikamwambia, "Enda, mama. Hapa hatuite mwanafunzi inje ya cours, ni sheria. Iache ile kitunga, mimi mwenyewe nitamupa."

"Ni viazi na kikwembe. Umwambie viazi ni ya shamba ya juu, ile yake. Na umwambie asikonde na masomo." Alisimama, akanishika mikono. "Na weye, uko na batoto?"

"Bado, mama."

"Utapata. Mutu mwenye kuchunga batoto ya bengine, Mungu hamusahau. Wasingya, aksanti."

Alishuka barabara kwa haraka, mgongo mtupu, mikono ikining'inia, kama wanavyotembea watu wa mzigo wanapokosa mzigo. Nikarudi kwenye rula.

Jioni ile nilimwambia kiongozi wa darasa amtume msichana aje achukue kitunga chake. "Atakuya, Mama Kashe," alijibu, akitazama viatu vyake. Nilimkumbusha juma lililofuata. "Atakuya." Sikuona ajabu. Wanafunzi wa kwetu huona haya kubeba viazi mbele ya wenzao. Kitunga kikakaa chini ya meza yangu, gizani, karibu na miguu yangu, na katika juma la tatu nilihisi kitu kikigusa kifundo. Viazi vilikuwa vimechipua. Vidole vyeupe vilikuwa vimepenya katika msuko wa kitunga na kuanza kutafuta mwanga.

Jumatatu, tarehe 3 Desemba, nilikibeba mwenyewe hadi ng'ambo ya bonde. Nilifika wakati wa kuitwa majina. Mwalimu alikuwa mmoja wa wale wa kupita, waliokuja kwetu majuma mawili, wakamwaga somo la muhula mzima, wakaondoka bila kujua uso wa mtu. Aliita bila kuinua kichwa. Nilisimama nje ya mlango nikingoja jina lile, na lilipoitwa, sauti changa, safi, ikaitika kutoka nyuma: "Présente!"

Nikasukuma mlango kwa furaha. "Weye! Njoo uchukue viazi ya mama yako, bimeanza kuota meno!"

Darasa lile lilikuwa likicheka kwa kila kitu. Siku ile halikucheka. Nilisimama na kitunga mikononi, nikingoja mtu ainuke, na hakuna aliyeinuka. Nilitazama nyuso za nyuma moja baada ya nyingine. Wasichana wanne wenye jina moja walikuwa wameinamisha vichwa. Wa tano sikumwona.

Mwishowe mmoja alisimama, yule aliyekuwa akikaa naye chumba kimoja. Mwalimu aliuliza kuna nini. Nikamwomba radhi, nikamtoa msichana nje, chini ya paa lililokuwa likitiririka.

"Mwenzako iko wapi?"

"Alienda Beni. Siku ya tano ile, siku Bakatoliki banaombea benye kufa. Alisema, siku ya kwanza narudia."

"Na?"

"Hapana rudia."

Nilihesabu. Mwezi mzima. "Na weye unaitika jina yake?"

"Si mimi peke. Siku ingine mimi, siku ingine ule mwingine. Sisi bane." Aliinua uso, na kulikuwa na ukaidi ndani yake. "Na ni jina yangu pia, Mama Kashe. Baniita, naitika. Ni bongo, nadanganya?"

"Juu ya nini hamukuniambia?"

"Tukuambie weye? Weye njo uliandika ile sheria! Siku kumi na tano, banafuta. Tulisema, akirudia, akute fasi yake." Kisha, kwa sauti ya chini: "Na weye njo ulimutuma."

"Mimi?"

"Original ya diplôme. Umesahau?"

Nilikuwa nimesahau. Mwishoni mwa Oktoba niliwaita wanafunzi tisa ambao dosiye zao zilikuwa na nakala tu ya diploma ya sekondari. Yeye alikuwa amemaliza sekondari Beni, kwa shangazi yake, na karatasi yenyewe ilikuwa imebaki huko. Sasa nilimwona tena akiegemea meza yangu, mrefu, mwembamba, kalamu ikiwa imechomekwa katika nywele. "Mama Kashe, njo kusema bila ile karatasi mimi siko mutu?" Nikamjibu, nikitabasamu, kwa maana nilimpenda: "Uko mutu. Mais ku dosiye, bado." Tulicheka sote wawili.

Nikamweleza rafiki yake kwamba mama wa Luofu alikuwa amekuja kumtafuta, na alivyosema angepanda Beni. Hawakuwa wamejua. Nikamwambia kwamba nilimfungulia daftari.

"Na yeye alisema nini?"

"Alisoma. Akarudia kwao."

Msichana alikaa chini, katika tope, na sketi yake ya masomo. Mawazo yetu yalikwenda mahali pamoja: mama yule alikuwa tayari kupanda Beni siku ileile. Wao walikuwa wamemfichia mwenzao nafasi yake, mimi nilikuwa nimelinda usafi wa daftari, na kwa pamoja tulikuwa tumemgeuza nyuma mtu pekee aliyekuwa akimtafuta.

Nilimpelekea katibu mkuu wa chuo habari hiyo. Alikuwa mtu mwema aliyechoka, aliyefundisha masomo matatu na kulipwa kwa magunia ya maharagwe. Alisoma ukurasa, akavua miwani. Katika daftari letu kulikuwa na alama nne tu: yupo, hayupo, ameacha masomo, amefutwa.

"Andika ameacha," alisema.

"Hakuacha."

"Donc, uandike nini?"

Mstari wa ishirini na tatu uko mtupu kuanzia siku ile, na mistari niliyoichora juu yake na chini yake imenyooka vizuri sana.

Juma lililofuata magari yalianza kupita tena kwa msafara, nikaenda Beni. Sikumwambia mtu isipokuwa dada yangu. Ni saa chache tu, njia niliyoipita tangu utotoni. Tulipofika mahali fulani ambapo barabara inapinda kati ya migomba iliyoachwa, mama mmoja alianza kusali kwa midomo tu, na sote tukajua kwamba ni hapo.

Shangazi wa msichana alikuwa akiishi nyuma ya soko. Alikuwa mwanamke mkubwa, mkali, mwenye kusuka vikapu huku akizungumza. Hakuacha kusuka nilipojitambulisha.

"Aa. Njo weye mutu ya karatasi." Akaingia ndani, akarudi na bahasha ya plastiki. "Shika. Karatasi yako ilifika."

Ndani mlikuwa na diploma, yenyewe, ya asili, pembe moja ikiwa imelowa. Alinieleza kwa kifupi, kama anayenitupia mawe madogo. Gari lilisimamishwa na watu wenye silaha. Watu wakaruka, wakakimbilia kila upande. Mvua ilikuwa ikinyesha, na msichana akamsukumia bahasha mchuuzi mmoja aliyekuwa na mfuko mzuri: "Uniwekee, isilowane." Mchuuzi akakimbia upande wake, naye wake. Mchuuzi yule alijificha kwa ndugu zake vijijini, akaileta bahasha Beni mwanzoni tu mwa Desemba.

"Na mpaka siku ile," shangazi alisema, "mi nilijua mutoto iko ku masomo. Nyinyi ba Butembo mulijua iko huku kwangu?"

"Tulijua iko darasani."

Nikamsimulia ujio wa mama wa Luofu na nilivyomfungulia daftari. Mikono yake ikasimama. Kisha akaniambia lile jambo ambalo nimelibeba kuliko bahasha. Baadhi ya watu wa gari lile walikuwa wamechukuliwa kubeba mizigo kuelekea magharibi. Katikati ya Novemba, mama wawili wa Beni walifuatana na padri na mchungaji, wakaenda hadi msituni, wakakaa chini mbele ya watu wale wenye silaha, wakalia na kukataa kuinuka. Walirudishiwa watoto wao.

"Balibauliza, kuko bengine mwenye kuomba mutoto? Padri akasema, hapana, ni hawa tu." Akanitazama. "Ilikuwa ile juma bifi yangu alikuwa kwako."

Bifi ni wifi; alimaanisha mama wa Luofu.

Nilikaa Beni siku tatu. Nilikwenda hospitali, nikaenda kwa padri, nikaenda kwa mchungaji, kwa utaratibu uleule ambao mama alinitajia akiwa ameketi ofisini kwangu. Padri alikumbuka kila kitu. Waliporudi kuulizia mara ya pili, alisema, kambi ilikuwa imehama, na majivu yalikuwa yamelowa. Nilirudi Butembo na diploma kifuani. Niliiweka katika dosiye yake, kwa sababu sikujua pengine pa kuiweka. Dosiye ile ndiyo iliyokuwa kamili kuliko zote katika sanduku.

Wakaguzi walikuja hatimaye, miaka mingi baadaye, nchi iliposhonwa kwa namna yake. Walikuwa wawili, wakiwa na tai. Walifungua sanduku la bati kwa robo saa, wakasema ni safi, wakaenda kula.

Mungu hakunisahau, kama nilivyoahidiwa. Nilipata wasichana wawili. Wa pili alipozaliwa, mama mkwe alimpa jina la zamu yake bila kuniuliza, kwa maana hilo si jambo la kuulizwa. Ni mtoto mchangamfu. Nikimwita kutoka jikoni, anaitika upesi, kutoka chumba cha nyuma, kwa sauti changa na safi, na kila mara kabla hajatokea mlangoni kuna kitambo kidogo ambacho sikuwahi kumweleza mume wangu.

Kurasa tatu za kamati zitakuwa tayari. Katika sehemu ya mwaka ule nitanakili barua niliyoiandika baada ya kurudi kutoka Beni, na wakitaka kuiondoa, wataiondoa wao. Niliiandika kwa Kiswahili cha Biblia, kwa herufi kubwa, ili mama aweze kuisoma peke yake, asilazimike kumpa jirani amsomee. Ilikuwa karatasi ya kwanza kutoka ofisini kwangu bila muhuri. Ilibebwa na mama wa kikundi cha maombi aliyekuwa akienda Lubero, ili aipeleke mikononi mwa mwingine, na mwingine, hadi Luofu. Jibu halikuja. Nilikuwa nimeinakili kwanza katika ukurasa wa mwisho wa daftari lile, juu ya mistari yangu mwenyewe.

*Butembo, Jumatano, tarehe 19 Desemba 2001*

*Mama yangu,*

*Mimi ni yule binti wa ofisini uliyemwachia kitunga. Keti chini kabla ya kusoma.*

*Nilikuambia kwamba mtoto wako yupo. Hakuwapo. Alitoka hapa Ijumaa, tarehe 2 Novemba, akaenda Beni kuchukua diploma yake, kwa sababu mimi nilimwagiza. Hakurudi. Alikuwa ndani ya gari lile walilolizungumza sokoni kwenu. Wenzake waliitika jina lake kila siku ili asifutwe. Walifanya kwa upendo, usiwachukie. Mimi niliona alama zao, sikuinua macho kutafuta uso, nikakuonyesha, nawe ukaniamini.*

*Nimekwenda Beni. Wifi yako ana afya. Hakuna aliyemwona mtoto amekufa, wala hakuna aliyemwona baada ya siku ile. Wengine walichukuliwa kubeba mizigo kuelekea magharibi, na wawili walirudishwa kwa sababu mama zao walikwenda kuwaomba. Ulipokuja kwangu, njia hiyo ilikuwa bado wazi. Nimeandika sentensi hii kwa sababu utaisikia kwa wengine, na ni haki uisikie kwangu kwanza.*

*Padri wa Beni anakungoja. Amesema ataambatana nawe hadi atakapoweza kufika. Ukipita Butembo, chumba changu ni chako. Ukitaka usinione, wenzake wanne watakupokea, nimewaambia.*

*Diploma ninayo. Kikwembe kimekunjwa, sijakigusa. Viazi vya shamba la juu vilikuwa vimechipua, nami niliogopa vitaoza, basi nimevipanda nyuma ya ofisi. Vimetoa majani. Ni vyake.*

*Jina lake sijalifuta.*

*Mama, usiendelee kukaa nyumbani kwa sababu ya neno langu. Simama, utafute.*